Daftari Lililoazimwa

Kila mwalimu wa kwaya ninayemfahamu ana daftari lake. Mmoja anatumia kaunta buku la jalada gumu, lililogangwa kwa gundi pale lilipoanza kuachia. Mwingine ana mfuko uliojaa karatasi za kila ukubwa, zimeandikwa nota kwa penseli, zikafutwa, zikaandikwa tena. Jumamosi jioni huja nalo mazoezini, hulifungua juu ya kinanda, na sauti ya kwanza huanza kujifunza kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwapo duniani. Wanakwaya hulitazama daftari hilo kwa heshima. Wachache sana hujiuliza litakuwa wapi mwenyewe akishafariki.

Nasimulia hapa habari za daftari moja la namna hiyo, lililopotea Afrika Kusini katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Nawaomba hasa walimu wa kwaya, wapiga vinanda na viongozi wa parokia na sharika wanisikilize, kwa sababu ndani ya daftari lile mlikuwa na wimbo ambao sisi Watanzania tumeusimamia wima tangu darasa la kwanza, na kwa sababu waliolipoteza walikuwa watu wema.

Mwenye daftari aliitwa Enoch Mankayi Sontonga. Alizaliwa mnamo 1873 huko Uitenhage, Rasi ya Mashariki, Mxhosa kwa kabila. Alisomea ualimu Lovedale, chuo cha wamisionari kutoka Scotland, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1886, na watu weusi walikuwa wakimiminika kutoka kila upande kuchimba utajiri usiokuwa wao. Katikati ya watu hao Sontonga alifundisha shule, alihubiri, alipiga picha, na aliongoza kwaya. Mkewe, Diana Mgqibisa, alikuwa binti wa mchungaji wa Kanisa la African Methodist Episcopal. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Kutunga kulikuwa kama kupumua kwake. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo za kuimba kwenye hafla, maneno yake na sauti zake, akiziandika kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu. Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha "Nkosi Sikelel' iAfrika". Wimbo huo ulisikika hadharani mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumwekea mikono Mchungaji Mboweni, Mtsonga wa kwanza kuwa mchungaji wa Kimethodisti. Ulizaliwa kanisani, basi, ukiwa sala ya mwalimu wa kwaya kwa ajili ya bara ambalo wakati ule lilikuwa limeshagawanywa mezani na wageni.

Aliuandika kwa solfa, na hapa sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa solfa ina sehemu yake katika kisa hiki. Ni uandishi wa muziki kwa herufi, d, r, m, f, s, l, t, badala ya vidoa kwenye mistari mitano. Uliasisiwa na mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, kisha Mchungaji John Curwen akauendeleza na kuusambaza katika karne ya 19. Wamisionari wakaubeba hadi kusini mwa Afrika na kwetu Afrika Mashariki. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji kitu. Chaki na ubao vinatosha. Nukta mbili zinatenga mapigo, mkwaju mdogo unashusha sauti ya besi, na kijana wa kijijini asiyewahi kuona piano anasoma sauti nne. Kwaya zetu nyingi hazingekuwapo bila solfa. Lakini wepesi huohuo una hatari yake. Kwa kuwa wimbo unaandikika kwa mkono kwa dakika chache, mtunzi haoni haja ya kiwanda cha uchapaji. Kesho ataandika tena. Mwanakwaya atanakili mwenyewe. Kuchapa kunasogezwa mbele mwaka hata mwaka.

Profesa D.D.T. Jabavu, aliyeandika habari za Sontonga mwaka 1934, anasimulia kwamba mwalimu huyu alikuwa amezikusanya nyimbo zake katika daftari moja kwa nia ya kuzichapisha. Nia ilikuwapo. Tarehe 18 Aprili 1905 aliaga dunia kwa maradhi ya tumbo, akiwa na umri wa miaka 32 hivi, na daftari likabaki nyumbani kwa mjane.

Yaliyofuata ndiyo yanayoniuma. Walimu na viongozi wa kwaya walianza kumwendea mama yule kumwomba nyimbo za marehemu. Naweza kuisikia sauti yao, maana nimeisikia katika makanisa yetu wenyewe: shikamoo mama, poleni na msiba, tunaomba tuazime daftari la mwalimu, tutanakili mbili tatu za Pasaka, Jumapili ijayo tunalirudisha. Nani angekataa? Kwa mjane, kusikia nyimbo za mumewe zikiimbwa ni faraja isiyo na mfano. Daftari likatoka, likarudi, likatoka tena, na siku moja halikurudi. Hakuna mwizi katika habari hii. Kila aliyebisha hodi alikuja kwa sababu alizipenda nyimbo zile, na ni mapenzi hayo yaliyozimaliza, mkono mmoja baada ya mwingine.

Wazee wetu wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtunzi wa kanisa ana msiba mkubwa zaidi, kwa sababu daftari ndilo mali yenyewe. Likipotea, hakuna pengine pa kuangalia. Nyimbo za Sontonga zimepotea karibu zote. Uliobaki ukajulikana ni ule mmoja, kwa sababu ulikuwa umeshaingia vinywani mwa watu.

Na hata huo mmoja haukuinufaisha familia. Inasimuliwa kwamba Diana aliuza haki za wimbo kwa peni sita. Alifariki mwaka 1929, miaka 4 baada ya chama cha African National Congress kuufanya wimbo wake rasmi, na miaka 2 baada ya wimbo kuchapishwa Lovedale ukiwa na beti nyingine saba alizoziongeza mshairi Samuel Mqhayi. Simlaumu mama yule hata kidogo. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba alichoshika mkononi kingeimbwa na mataifa.

Hasara hii ingeepukika. Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu palepale Lovedale palikuwa na mfano mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 19 aliishi nabii wa Kixhosa aitwaye Ntsikana, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa watu wake, aliyefariki mwaka 1821. Ntsikana hakuandika. Aliimba tu, na wafuasi wake wakaimba baada yake, baba kwa mwana. Miongo mingi baadaye mwanafunzi wa Lovedale, John Knox Bokwe, ambaye naye alikuwa mtunzi, alikaa chini akaziandika nyimbo zile kwa solfa na kuzitia jina la Ntsikana mwenyewe. Mwaka 1885 Bokwe alichapisha pia kitabu cha nyimbo za Lovedale, kwenye mtambo wa chuo hichohicho alichokuja kusoma Sontonga. Nimelifikiria sana jambo hili. Nabii asiyejua kusoma amebaki na nyimbo zake na jina lake, na mwalimu aliyehitimu, mwenye mwandiko na nota, amebaki na wimbo mmoja. Ntsikana alimpata Bokwe. Sontonga alipata waazimaji.

Wimbo wenyewe ukaendelea na safari. Kwaya ya shule ya Ohlange, ya John Dube, iliutangaza kwa kuuimba kwenye matamasha. Januari 8, 1912, uliimbwa Bloemfontein katika mkutano uliozaa chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliurekodi kwenye santuri London. Ulivuka mipaka kwa miguu ya wanafunzi, wachimba migodi na wachungaji, ukabadilishiwa maneno kwa lugha nyingi. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa Dar es Salaam, Tanganyika ilizaliwa kwa sauti ile, kwa maneno ya Kiswahili, "Mungu ibariki Afrika". Zambia iliichukua tuni hiyohiyo na kuitungia maneno yake. Zimbabwe iliitumia tangu 1980 hadi 1994. Namibia nayo iliitumia kwa muda ilipopata uhuru.

Katika miaka yote hiyo, mtu angetaka kuweka shada la maua kwenye kaburi la mtunzi, asingejua aende wapi.

Hilo nalo lina maelezo yake. Makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, yaligawanywa kwa rangi na kwa dini, na Wakristo weusi walikuwa na upande wao. Sontonga alizikwa huko mwaka 1905. Katika miaka ya 1990, nchi ilipokaribia uhuru wake na watu wakaanza kumtafuta kwa dhati, daftari la mazishi lilipekuliwa chini ya herufi S. Hakuwemo. Alikuja kupatikana chini ya herufi E. Karani aliyesajili maiti siku ile aliandika jina moja tu, Enoch, akafunga kitabu. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mtu wa majina mawili.

Tarehe 24 Septemba 1996, Siku ya Urithi, Rais Nelson Mandela alizindua kumbukumbu kwenye kaburi lile, jiwe jeusi la granaiti, na kumtunuku marehemu nishani ya taifa. Mjukuu wake alikuwapo kuipokea. Miaka 91 ilikuwa imepita tangu mazishi.

Karani yule alikuwa na dharau, na dharau yake tunaifahamu ilikotoka. Lakini hebu tujitazame. Katika kwaya zetu mwalimu tunamwitaje? Mwalimu Enoko. Mwalimu Yohana. Mwalimu Furaha. Ni lugha ya mapenzi, na ni vizuri iwe hivyo tunapomsalimu getini. Kasoro inaanza tunapoandika. Juu ya karatasi ya nota pembeni kunaandikwa "Mwl. Yohana", bila jina la baba, bila mwaka, bila parokia, kwa kuwa hapa kwetu kila mtu anamjua. Karatasi ile inahama kwenda Mwanza, inavuka kwenda Kisumu, inafika Bujumbura. Huko hakuna anayemjua Yohana. Mapenzi yetu na dharau ya karani vimeandika kitu kilekile.

Kuna tofauti gani mtu akiandika jina lote? Mwaka 1966, katika chuo cha theolojia cha Walutheri cha Makumira, nje kidogo ya mji wa Arusha, mwanafunzi Bernard Kyamanywa alitunga maneno ya wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa tuni ya Kihaya. Mmisionari wa Kimarekani aliyefundisha chuoni hapo, Howard Olson, alikuwa akikusanya nyimbo za Kiafrika na kuzitafsiri, naye akautia Kiingereza. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliuandikia maneno ya Kijerumani. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, namba 116, na katika vitabu vya makanisa ya Marekani, na chini yake limechapwa jina la Kyamanywa na ule mwaka wake. Mjerumani anayeuimba asubuhi ya Pasaka anaweza kusoma jina la Mtanzania aliyeutunga. Nikiliona jina lile kwenye ukurasa, moyo wangu unafurahi kwelikweli.

Ila tazama na mstari unaofuata, wa tuni. Hapo kumeandikwa tu kwamba ni ya Tanzania, ya asili. Mhaya aliyeianzisha sauti ile, pengine kwenye sherehe, pengine kwenye msiba, hakuwa na daftari wala Bokwe. Neno "asili" ni neno la heshima, na mara nyingi ni la kweli, kwa kuwa zipo sauti ambazo jamii nzima imezijenga. Lakini mara nyingine ni shuka tunalomfunikia mtu aliyesahauliwa na majirani zake.

Nayasema haya nikiwa nami nimo. Nilipokuwa kijana nilikuwa katibu wa kwaya, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kutoa kopi. Mwalimu wetu alikuwa mtunzi, mtu mpole, fundi wa kuipa sauti ya tatu njia yake badala ya kuibandika chini ya soprano. Alipofariki tulizigawana karatasi zake. Nyimbo zake zilikuwa ndefu, na pesa ya kopi ilikuwa ya michango. Nikagundua kwamba nikiisogeza karatasi juu kidogo kwenye mashine, mistari miwili ya mwisho inaingia na ukurasa wa pili hauhitajiki. Kilichokatika juu kilikuwa jina la wimbo na, upande wa kulia, jina lake. Jina la wimbo niliandika upya kwa kalamu. La kwake sikuliandika, kwa sababu sote tulijua wimbo ni wa nani. Nilifanya hivyo kwa nyimbo saba, nakala arobaini arobaini.

Miaka mingi baadaye nilikuwa mgeni katika kanisa moja mkoa mwingine kabisa. Wakati wa matoleo kwaya ikaanza, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha nilijua ile sauti ya tatu ni ya nani. Baada ya misa niliomba kuiona karatasi. Ilikuwa nakala ya nakala, herufi zimekolea na kuvimba, na mwandiko wa juu ulikuwa wangu. Chini yake mtu mwingine, kwa nia njema, alikuwa amejaza pengo nililoliacha. Aliandika: Mtunzi hajulikani.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki tangu anapotunga, pamoja na haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi. Ni sheria nzuri, ila haiwezi kumtetea mtu ambaye sisi wenyewe tumemfuta kwa wembe wa mashine ya kopi. Kwa mtunzi aliye hai ninayo machache ya kumwomba, na yote ni kazi ya jioni moja. Andika majina yako yote, mwaka na mahali, kwenye kila ukurasa, na uyaandike chini au katikati ambapo hayakatiki kirahisi. Daftari lisitoke nyumbani, itoke nakala. Nakala nyingine ikae parokiani au usharikani, nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine, na kila ukurasa upigwe picha kwa simu. Mwambie mwenzi wako kilichomo, ili siku ya wageni wenye maneno matamu ajue anachoombwa. Na kwa kwaya zinazopiga video: nimeona video ambazo jina la mpiga picha limo, la studio limo, hata la aliyeshona sare limo, na la mtunzi halimo.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwa marehemu mwalimu wetu. Jina lake nimewaachia wanawe walitangaze wao, pamoja na nyimbo zake, maana ndiyo kazi waliyoianza siku ile. Nilimweleza mama nilichokifanya na mashine ya kopi, nikamwomba radhi. Hakusema kitu. Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na kaunta buku lililofungwa kwa khanga. Kurasa kumi na moja zilikuwa zimechanwa. Waliozichukua, alisema, waliahidi kuzirudisha. Nyingine zilikuwa salama, nota zimepangwa wima kama mihindi, tarehe kwenye kila wimbo. Kwenye jalada la ndani mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili tu, "Nyimbo zangu". Zangu, za nani? Hakuandika. Yeye alijijua.

Mama alilitazama jalada lile muda mrefu, kisha akaniomba kalamu. Aliandika majina matatu ya mumewe, polepole, kwa herufi kubwa, akikandamiza hadi karatasi ya chini ikapata alama. Alipomaliza, aliuliza leo ni tarehe ngapi.